Shajara ya mradi: ukuta wa rangi tatu

Juni, likizo inaanza

Mradi ni huu. Vijana sita wa kidato cha nne, wote wa mtaa mmoja hapa Nkuhungu, Dodoma, wanajiandaa na mtihani wa Taifa utakaoanza katikati ya Novemba. Mimi nasomea ualimu Chuo Kikuu cha Dodoma, na baraza la nyumba niliyopanga ndilo darasa letu. Tuna mkeka, ubao mdogo wa chaki, na bunda la past pepa ambazo wazazi walichangia pesa tukazitoa nakala steshenari. Naandika shajara hii ili anayefikiria kuanzisha kikundi mtaani kwake aone kazi inavyokwenda, wiki nzuri na wiki ngumu.

Siku ya kwanza niliwaomba walete ratiba zao. Kila mmoja alikuwa nayo, tena nzuri, imepigwa mistari kwa rula: saa kumi alfajiri Fizikia, saa kumi na moja Jiografia, jioni Hisabati, kila somo limepata haki yake. Nikauliza nani ameifuata wiki nzima. Kimya. Nikauliza kilichotokea, wakaanza kusema mmoja mmoja. Maji ya mgao yalitoka usiku, na yakitoka nyumba nzima inaamka kujaza madumu. Luku iliisha. Mama alikwenda msibani Kondoa, wadogo wakawa hawana wa kuwapikia. Mmoja wao ana mtoto mdogo. Alirudi shule kwa sababu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito warejee darasani. Yeye alisema tu, "Dada, mimi saa zangu ni za mtoto."

Jibu lake ndilo lililoupa mradi sura. Ratiba ya saa inamfaa mwenye saa zake. Bwenini kengele inamlindia mwanafunzi muda wake. Mtaani hakuna kengele, na kijana wa miaka kumi na saba hawezi kumwambia bibi yake asubiri. Ratiba ikivunjika Jumatatu, Jumatano mwenyewe anaanza kujiita mvivu, na Jumapili anakaa chini kuchora nyingine. Kuchora ratiba kunampa mtu raha ya aliyefanya kazi kabla hajaigusa kazi yenyewe, na nimewaona wengi, hata chuoni, wakiishia hapo muhula mzima.

Basi tumekubaliana kwamba hapa hatupangi saa. Tunapanga maswali. Kila mtu ana deni la maswali ya wiki, kayachagua mwenyewe, na atayalipa muda wowote atakaoupata: alfajiri, jikoni ugali ukichemka, au kwenye foleni ya maji. Saa ikipotea, swali bado lipo.

Juni, wiki ya manila

Tumebandika ukutani karatasi za manila, somo kwa somo. Upande wa kushoto mada zote za silabasi kuanzia kidato cha kwanza, upande wa juu majina ya watahiniwa sita. Kila kisanduku kitapakwa rangi.

Rangi hatukuzibuni. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali: watahiniwa walikosea wapi, walidhani swali linauliza nini, na jibu zuri lilikuwa na nini ndani yake. Humo mada hupangwa kwa rangi. Wastani wa 65 hadi 100 ni kijani, 30 hadi 64 ni njano, chini ya 30 ni nyekundu. Ripoti hizi ziko wazi kwenye tovuti ya Baraza na hazilipiwi, lakini katika sita hawa hakuna aliyewahi kuifungua hata moja. Naona hilo linaumiza, kwa sababu wamenunua vijitabu vya maswali na majibu mitaani kwa pesa ya mboga, huku ripoti ya wasahihishaji wenyewe ikiwasubiri bure. Mwenye simu ndani ya kikundi amezipakua za miaka michache iliyopita, na tunazisoma kabla ya kugusa past pepa ya somo husika.

Sheria za ukuta ni chache. Kisanduku hakipakwi kwa hisia. "Hii naijua" haina rangi. Unajibu maswali ya mada hiyo daftari likiwa limefungwa, mwenzako anasahihisha, alama ndiyo inachagua maka peni. Na rangi ina muda wake: baada ya wiki tatu unaulizwa tena, na kijani kinaweza kushuka kuwa njano. Wawili kati ya sita ni pacha, kaka na dada. Yule wa kiume alipinga sana sheria hii ya mwisho. Nikamsimulia habari za Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe kwa silabi zisizo na maana na kuandika matokeo mwaka 1885: kusahau kunakwenda mbio mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo, na kila ukikirudia kitu baada ya kupumzika kidogo, kinakaa zaidi. Alisikiliza, akasema atakubali mpaka moko, yaani mtihani wa utamilifu. Inatosha.

Julai, baridi na upepo

Upepo wa Dodoma mwezi huu unaingiza vumbi mpaka kwenye kurasa. Tumehamia ndani.

Ukuta ni mwekundu. Hisabati karibu yote, Fizikia zaidi ya nusu. Nililitarajia hilo, lakini kulitarajia jambo na kuwaona vijana wakilitazama ni mambo mawili tofauti. Jumamosi walikuja wanne. Kijana wa kwa bibi, yule anayelelewa na bibi yake, ambaye kwa kawaida ndiye mchangamfu kuliko wote, alisema Hisabati ameiacha, atabaki na masomo ya sanaa, kwani wanahesabu masomo saba tu.

Kuhusu saba ana haki. Katika kidato cha nne A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi yanajumlishwa: pointi 7 hadi 17 daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Mtu anaweza kupata daraja zuri akiwa na F ya Hisabati. Lakini kozi nyingi za ufundi na biashara zinaiuliza Hisabati mlangoni, na yeye anataka kusomea umeme.

Kwa hiyo tulifungua karatasi yenyewe. Sehemu A ina maswali 10, kila moja alama 6. Sehemu B ina maswali 4 ya alama 10. Ufaulu wa D unaanzia alama 30. Nikamwambia agawe. Akagawa, akanyamaza, akagawa tena. Matano. Maswali matano kamili ya Sehemu A, basi. Manane yanampa 48, na C inaanzia 45. Tukapitia past pepa kuona mada gani zinarudi mara kwa mara kwenye Sehemu A: namba na desimali, vipeo na logi, seti na uwezekano, vekta na mlinganyo wa mstari, uwiano, hesabu za biashara, mfululizo, trigonometria. Akachagua tano ambazo angalau alimwelewa mwalimu zilipofundishwa. Kwenye mstari wake tukazichora nyota.

Hisabati kwa miaka mingi imekuwa somo lenye ufaulu wa chini kuliko mengine katika mtihani huu, na vijana wanaimeza habari hiyo kana kwamba ni hali ya hewa. Neno "Hisabati" ni kubwa mno kwa kijana mmoja kulibeba jioni moja. Logi ni ndogo. Logi inaweza kuisha Alhamisi.

Julai, mwisho wa mwezi

Ubishi wa wiki: kusoma daftari mara nne au kujiuliza? Pacha wa kike anasoma kwa kurudia, anapigia mistari, daftari lake ni zuri la kutamanika. Ndugu yake anasoma mara moja kisha anafunga na kuandika anachokumbuka. Tukawapa mada moja ya Historia, uchumi wa kikoloni, sehemu ya mpango wa karanga wa Kongwa. Kongwa ni hapa hapa mkoani kwetu, hakuna asiye na ndugu huko, lakini walikuwa wakiikariri kama mji wa nchi ya mbali: Waingereza walianza mwaka 1947, wakaleta matrekta kufyeka pori, mvua zikawa haba, udongo ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, mitambo ikaharibika, na Januari 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi.

Jioni ile ile dada mtu alieleza vizuri zaidi. Wiki iliyofuata niliwauliza bila kuwapa taarifa, na kaka ndiye aliyekuwa bado na sababu zote pamoja na miaka. Hivyo ndivyo walivyoona Henry Roediger na Jeffrey Karpicke kule Marekani katika utafiti wao wa 2006: waliorudia kusoma waliongoza dakika tano baadaye, na waliojipima waliongoza baada ya wiki. Dada mtu hakufurahi, lakini ni binti mkweli. Alisema, "Kumbe nilikuwa najisikia najua." Kuanzia hapo amekuwa mkali kwa kila anayetaka kupaka rangi bila kuulizwa.

Kongwa ilifungua kitu kingine. Tulipofika kwenye ukombozi wa Afrika, walijua wenyewe kutafuta: kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji na vyama vingine ilikuwa pale pale Kongwa. Na kwenye vyanzo vya historia wakaja na michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mada yenye mahali pa kusimama nyumbani haihitaji kubembelezwa.

Agosti, zabibu

Kijana wa kwa bibi yuko Mpunguzi, msimu wa kuvuna zabibu umefika na shamba la babu halina mikono mingine. Zamani hapa ndipo kikundi kingempoteza mtu. Safari hii aliondoka na sanduku la viatu.

Sanduku lina kadi zilizokatwa kwenye mabaki ya manila. Swali upande mmoja, jibu upande wa pili, na ndani vyumba vitatu. Ukipata, kadi inasogea chumba cha mbele, utaiona tena baada ya siku nyingi. Ukikosa, inarudi chumba cha kwanza, utaiona kesho. Utaratibu huu ulienezwa na Mjerumani Sebastian Leitner miaka ya 1970, na unamfaa sana mtu ambaye mikono yake ina kazi nyingine mchana kutwa.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja. Bibi alinipokea kwa "Mbukwenyi!" na kabla sijakaa akaanza kunieleza mwenyewe, kwa furaha kabisa, kwa nini zabibu kavu ikilowekwa inavimba. Mjukuu wake alikuwa amemfundisha osmosisi. Usiku hana wa kumuuliza, basi anamweleza bibi kwa Kigogo, na bibi haachi jambo lipite bila kuuliza "kwa nini sasa?" Maji yanapita kwenye utando kutoka kwenye maji mengi kwenda ndani ya tunda lenye sukari nyingi. Kijana alilazimika kurudi kwenye kadi mara kadhaa ili aweze kumjibu. Aliporudi Nkuhungu, mada hiyo ilikuwa ya kijani kwa jaribio la kwanza.

Wiki ya Nane Nane tulipumzika, wakaenda viwanja vya Nzuguni. Nilisisitiza waende.

Septemba, matokeo ya moko

Wiki ngumu kuliko zote.

Matokeo ya mtihani wa utamilifu yamebandikwa. Wanne wamepanda, mmoja amebaki palepale, na binti anayetaka uuguzi ameanguka Kemia mpaka F. Hakuja Jumatatu, wala Jumatano. Alhamisi nikaenda kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Yuko ndani, tangu juzi anachora ratiba. Anasema ataanza upya, atakuwa halali usiku."

Nilimkuta na karatasi kubwa, rula, kalamu za rangi, na saa tatu tu za kulala. Sikumwambia lolote kuhusu ratiba. Niliomba karatasi yake ya Kemia, tukakaa jikoni na mama yake akiwa anachambua mlenda pembeni, tukahesabu alama zilikopotea. Hazikupotea kila mahali. Sehemu kubwa ilikuwa maswali ya moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) na mahesabu ya ujazo, ambayo hakuyakosea: aliyaacha wazi. Nyingine zilipotea kwenye maelezo ambako swali lilitaka sababu yeye akatoa maana. Nje ya hayo, karatasi ilikuwa ya C.

Mama yake ambaye hakufika sekondari ndiye aliyesema kilichohitajika. "Kwa hiyo mwanangu hujashindwa Kemia. Umeshindwa hicho kitu kimoja, sijui moli." Binti alicheka kwa mara ya kwanza. Akachukua ile ratiba, akaigeuza, nyuma yake akaandika aina nne za maswali ya moli. Lilikuwa deni lake la wiki.

Nimejifunza kuiangalia hofu kwa karibu zaidi tangu siku hiyo. Kijana akisema "sina hamu ya kusoma," mara nyingi ana kitu kimoja anachokiogopa, na amekitandaza juu ya masomo yote. Kazi ya anayemsaidia ni kukitafuta kitu hicho kwa jina, kwa karatasi iliyosahihishwa, pamoja naye. Maneno ya kutia moyo yanakuja baadaye, kama yatahitajika.

Kuhusu kukesha: nimelizungumza na wazazi wote. Usingizi ndio unaoipa kumbukumbu nafasi ya kukaa, na anayepiga msuli mpaka saa tisa usiku anasinzia Fizikia ya asubuhi. Wazazi wawili hawakupenda, kwao mtoto anayelala mapema hana uchungu na maisha. Tukaafikiana taa izimwe saa nne na nusu, na mtoto asiamshwe kabla ya saa kumi na moja.

Oktoba, joto

Kuanzia saa saba mchana bati linawaka. Tunakutana saa kumi na mbili asubuhi Jumamosi na Jumapili, na jioni jua likizama.

Maswali bora ya mwezi huu wametunga wenyewe. Mada ni dunia kama tufe. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini na 35.7 mashariki, Dar es Salaam tuchukulie iko kwenye latitudo ile ile na nyuzi 39.2 mashariki. Umbali kwa kufuata mstari wa latitudo? Tofauti ni nyuzi 3.5. Wakatumia nusu kipenyo cha kilomita 6400, wakakumbuka kuzidisha kwa kosini ya 6, wakapata karibu kilomita 390. Pacha wa kiume akasema haiwezekani, kwa basi ni zaidi ya 450. Mabishano yakawa makali, ya kupendeza, mpaka mama mwenye mtoto akasema basi halipiti juu ya latitudo, linapinda na barabara ya Morogoro. Naye ndiye aliyesema saa zake ni za mtoto. Mstari wake ukutani sasa una kijani kingi kuliko nilivyothubutu kutumaini Juni. Kadi zake anazisoma akinyonyesha. Hana kipindi hata kimoja cha saa nzima kwa siku, na maswali yake ya wiki anayalipa.

Tarehe 14, sikukuu ya Nyerere, walifanya karatasi kamili ya Hisabati, saa tatu bila kuinuka, simu zote kwenye sufuria kwa mama mwenye nyumba. Jambo moja niliwakazania: dakika kumi za mwanzo soma karatasi yote, weka alama kwenye unayoyaweza, anza nayo. Kijana wa kwa bibi alipata sita kamili za Sehemu A. Alama 36, na vipande vya hapa na pale.

Binti wa Kemia amepaka moli njano. Bado si kijani na hatuidanganyi. Njano ya Oktoba ni alama ambazo Septemba hazikuwepo.

Novemba, wiki ya mwisho

Mada mpya zimefungwa. Visanduku vyekundu vilivyobaki tumeviacha kwa makusudi, kila mtu ameamua vyake, na nimewaomba wasiviangalie tena. Wiki hii ni kadi za chumba cha kwanza na ripoti za wasahihishaji tu, hasa sehemu zinazoonyesha majibu yaliyopotea kwa kutosoma swali.

Maandalizi mengine: kalamu mbili za bluu kila mmoja, penseli, rula, seti ya hisabati imekaguliwa bikari zisilegee. Madumu yanajazwa mapema na wadogo zao, wazazi wamekubali. Bibi wa Mpunguzi amekuja kukaa na mtoto siku zote za mitihani, ingawa mtoto si wa ukoo wake.

Kanuni ya siku za mtihani nimeiandika juu ya ukuta kwa maka nyeusi. Mkitoka chumbani hakuna kulinganisha majibu njiani. Karatasi iliyokusanywa imekusanywa. Kuleni, laleni kwa muda wa saa moja, saa kumi tukutane barazani kwa karatasi ya kesho yake. Atakayekuja amekata tamaa aje na jina la mada.

Vijana wawili wa kidato cha tatu wameomba kuanza Januari. Nimewaambia waje na ripoti ya uchambuzi ya somo wanaloliogopa zaidi, na manila watanunua wenyewe.